Nilisikia, Lakini Sikutoka Barabarani

Ndugu zangu, mliokuja kwa miguu na mliokuja kwa magongo, wa msikitini na wa kanisani, asanteni kwa kunipa nafasi katika mkutano wetu huu wa walioumizwa barabarani. Mwenyekiti ameniomba niseme kwa Kiswahili, kwa sababu leo tuna wageni kutoka Koboko na wengine wamevuka kutoka Congo, na Kilugbara changu kingewaacha nje. Kiswahili chenyewe nimekiokota sokoni, kwa hiyo nikiteleza msinicheke sana. Chekeni kidogo tu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule hapa Arua. Lakini wanaonijua hawaniiti fundi, wananiita mama wa baiskeli, na hawasemi baiskeli ya kubebea mihogo. Wanasema ile ya mbio, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo na tairi nyembamba ambazo mama yangu alipoziona mara ya kwanza aliuliza kama zimekonda kwa ugonjwa.

Watu wengi wanafikiri mwendesha baiskeli wa kweli ni yule mwenye mbio. Mbio hata mbuzi anazo. Huyu ninayemsema ni mtu wa mambo madogo madogo. Anafuta mnyororo kabla hajanawa uso. Anakula enyasa yake, ule ugali wetu wa muhogo, asubuhi na mapema wakati wengine wanakunywa chai tupu. Anajua kukaa nyuma ya mwenzake gurudumu kwa gurudumu, ili upepo umpige wa mbele, na zamu ikifika anakwenda mbele yeye bila kunung'unika. Na zaidi ya yote, anashika mstari. Mwendesha baiskeli mwingine akikufikia ubavuni akitaka kupita, huyumbi. Unalegeza viwiko, unakaza vidole, unamwacha apite. Ukiyumba kidogo mnaanguka wote. Kundi letu la Arua lilinifundisha hilo mpaka likaingia kwenye damu, na sasa mtaona kwa nini nalisema mapema.

Ninakoishi ni Onduparaka, na Onduparaka mnaijua, watu kule wanaota mpira. Nikipita na kaptula yangu ya kubana, vijana wa vibandani wananiuliza timu yangu leo inacheza na nani. Nawaambia inacheza na upepo. Mume wangu mwanzoni aliona aibu. Baadaye akazoea, akawa anawaambia watu kwamba mke wake ana mapafu ya ng'ombe, na kwake yeye hiyo ni sifa.

Kwenye mbio hizi ndiko nilikompata mwenzangu wa Koboko. Jina lake nalihifadhi. Ni binti wa mwanajeshi mstaafu, amelelewa kambini, na kambini watoto wa makabila yote walicheza kwa Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili kile cha kambini ndicho anachootea ndoto, na nikiwa naye mimi pia naongea hivyo hivyo. Ni Mwislamu. Anafunga kitambaa chake vizuri, anaweka helmeti juu yake, halafu mlimani ananiacha kana kwamba nimesimama kununua nyanya. Tulipendana upesi. Alianza kuja Arua kwa shangazi yake, anapanda na kundi letu Jumapili, na siku moja ya kazi tukasema, twende sisi wawili mpaka Koboko. Ilikuwa mara ya kwanza kwenda bila wanaume wa kundi, ambao siku zote hukaa nyuma na kupiga kelele za tahadhari.

Barabara ile sina haja ya kuwaeleza. Baadhi yenu imewaacha na alama. Malori ya kwenda Sudan Kusini yakishika lami hayana subira na mtu.

Ilikuwa asubuhi nzuri, kavu. Tulipita njia panda ya Maracha tukiongea na kucheka, halafu tukaingia kwenye mteremko, tukanyamaza. Mimi mbele, yeye nyuma yangu. Ndugu zangu, nawaambia ukweli mtupu sasa. Nilisikia sauti yake. Aliita, akaita tena. Niliisikia vizuri, na sikutoka. Wala sikushtuka. Nilitulia kama mtu aliyekaa kwake, viwiko vikalegea, vidole vikakaza, nikaendelea palepale kwenye lami. Halafu kitu kikanipiga bega la kulia, na baada ya hapo sina kumbukumbu.

Lilikuwa lori. Mbele kulikuwa na gari dogo linakuja, lori likabana upande wetu, likanipitia na ubavu wake, likaenda. Mwenzangu alikuwa ameliona mapema, akaruka kwenye vumbi pembeni, hakupata hata mkwaruzo. Watu waliokuwa wanapalilia shamba karibu ndio walionibeba. Mungu awaongezee nguvu, sikuwahi kuwajua sura.

Mtulinga ulivunjika, nyonga ikapasuka, helmeti ikagawanyika kama kibuyu. Nilipozinduka hospitalini, mwenzangu alikuwa chini kando ya kitanda, macho yamevimba.

"Dada, mimi naita wewe. Mimi naita sana. Wewe nasikia?"

Nikamwambia nilisikia.

"Sasa kwa nini wewe hapana toka?"

Nilitafuta kichwani nikaikuta sauti yake, lakini haikuwa na neno ndani. Neno lilikuwa limefutika. Kilichobaki ni ule utulivu. Na yeye hakulitaja, kwa sababu kwake hakukuwa na la kutaja. Mtu akiona lori anapiga kelele gani?

Hapo ndipo woga ulipoanza. Mkae nami hapo kidogo, kwa sababu najua wapo humu wenye woga wao na wanaona aibu kuusema. Watu walidhani naogopa malori. Hapana. Kila mtu anaogopa lori, hata kuku. Mimi nilijiogopa mimi. Nilikuwa nimeitwa nikiwa na akili timamu, na mwili wangu ukakaa ukasubiri kifo kwa raha zake. Mwili wa namna hiyo utauamini tena na kitu gani? Mfupa ulipona, nikatupa gongo, lakini kuvuka barabara kwenda sokoni nikashindwa. Nilisimama pembeni pikipiki zikipiga honi, nikawa naiuliza miguu yangu: mkisikia, mtaondoka? Miguu haikunijibu. Niliwashika watu nisiowajua mikono wanivushe, wakanitazama kama nimelewa.

Ikaingia mpaka ndani ya nyumba. Nikawa siwezi kushika birika la maji moto mtu akiwa karibu. Dada yangu alijifungua, akanipa mtoto nimpakate, nikaficha mikono nyuma. Alikasirika, na mimi sikumweleza. Ningemwambia nini? Kwamba naogopa mikono yangu itatulia tu huku mtoto anaanguka? Kwenda kwa mama yangu, kijijini Aroi, nilizunguka kwa njia za mashambani, kwenye matope, ili nisikanyage lami. Nilikuwa naogopa mchana kweupe, nikiwa peke yangu, hakuna hata punda njiani.

Mama alisema kuna kitu kimenikalia. Akaita watu wa maombi, wakakemea mapepo kwa sauti mpaka jirani akaja na kuni, akifikiri tuna msiba. Niliitika amina zote. Pepo kama lilikuwepo, lilikuwa kiziwi.

Lakini kilichonikata ni mume wangu. Jioni moja alikaa karibu nami, akaangalia chini, akaniuliza kwa lugha yetu, polepole, "Ulikuwa umechoka na sisi?" Mnaelewa alichouliza. Alidhani nilitaka kufa. Nilimwambia hapana. Aliitikia, lakini tangu siku ile akaanza kuficha wembe wangu wa kukatia nyuzi, na mimi nikawa nauogopa kwa sababu yeye anauogopa. Baiskeli ilikuwa inaning'inia jikoni, nyeusi kwa moshi. Mwenzangu wa Koboko aliacha kuja. Nikasikia na yake ameiacha.

Ikafika Idd. Akanitumia ujumbe mfupi, njoo ule na sisi. Mume wangu alisema nenda, labda alitaka kupumua kidogo, na simlaumu. Kwenye teksi niliomba kukaa katikati, mbali na mlango, kwa sababu sikuuamini mkono wangu na kitasa. Nilifumba macho mpaka Koboko.

Nyumbani kwao kulikuwa na shamrashamra, pilau inaiva, wanawake wamependeza. Mwenzangu alinikumbatia kwa tahadhari kama naweza kuvunjika. Tukakaa jikoni nje, yeye anageuza nyama, mimi namenya vitunguu, kila mtu anamwogopa mwenzake. Ukutani niliiona baiskeli yake imeegeshwa, buibui wamejenga kwenye gurudumu. Nikatafuta neno la kuanzia mazungumzo. Nikamwambia:

"Gari yako iko na vumbi mingi."

Akageuka. "Gari gani? Sisi hapana na gari. Gari ya baba nakufa zamani."

"Hii," nikasema, nikaonyesha na kisu. "Gari yako hii."

Akatazama baiskeli, akanitazama mimi. Kijiko kikasimama sufuriani.

"Nyinyi naita baiskeli gari?"

"Kwa Kilugbara, ndiyo. Gari ni baiskeli. Kundi letu lote nasema hivyo."

Ndugu zangu Walugbara, naona mmeanza kushika vichwa. Wageni wetu, nawaelezeni. Katika Kiswahili gari ni chombo cha injini. Kwetu Arua, katika lugha ya mama, gari ni baiskeli. Sokoni nikiongea Kiswahili taratibu najua tofauti. Lakini kwenye kundi letu la mbio, wa nyuma akiona mwendesha baiskeli mwingine anakuja kutupita, anaita "Gari!" Na maana yake ni moja tu: shika mstari, usiyumbe, mwache apite. Kwa chombo cha injini, hata kikiwa teksi ndogo, tunaita "Lori!" Na hapo ndipo tunatoka. Mwenzangu Jumapili hukimbilia mbele, na kelele hizo za nyuma kwake zilikuwa Kilugbara tu.

Mwenzangu alikaa chini, kwenye udongo, na nguo yake ya Idd.

"Dada," akasema, "siku ile wewe nasikia mimi naita nini?"

"Sijui. Neno lilipotea."

"Mimi naita gari. Gari, gari, mara mingi. Mimi naona iko karibu, wewe iko palepale. Mimi nasema huyu mutu nataka nini?"

Alipolisema tu, likarudi. Sina namna nyingine ya kuwaeleza. Lilirudi na mteremko wake na upepo wake. Nilisikia nyuma yangu, kwa sauti yake, gari, na mwili wangu ukafanya kile ulichofundishwa miaka yote. Viwiko vikalegea. Vidole vikakaza. Nikamsubiri kwa heshima mwendesha baiskeli fulani apite, na aliyekuja ni lori. Sikuwa nimekaa nasubiri kifo. Nilitii. Niliitii lugha ya mama yangu.

Nililia mpaka vitunguu vikasingiziwa. Na yeye alilia, kwa sababu kumbe alikuwa na lake. Kadiri siku zilivyopita alianza kudhani aliruka kwanza ndipo akaita. Alidhani alijiokoa mwenyewe na sauti ikatoka baadaye, ikiwa ndogo. Na nilipomwambia hospitalini kwamba nilisikia, alifikiri namfariji tu.

Halafu nikamwomba kitu cha ajabu. Nikamwambia nitasimama hapa, nikupe mgongo, na wewe wakati usiojulikana uite "Lori!" Nilitaka kuona miguu. Akakataa, nikamsihi, akakubali. Nikasimama katikati ya ua, naogopa kuliko nilivyoogopa popote. Kwa sababu nisipoondoka sasa, ndugu zangu, basi hakuna cha Kilugbara wala Kiswahili. Basi ni mimi nilivyo.

Akaita. Niliruka nikaangukia kwenye beseni la vyombo.

Tukarudia. Nikaruka. Tukarudia tena, wageni wa Idd wametuzunguka wanauliza kuna nini, na mimi naruka huku nacheka na machozi yanatoka. Ndipo mzee mwenye nyumba, yule mwanajeshi, akatokea mlangoni amekasirika.

"Nani naita lori kwa nyumba yangu? Lori iko wapi? Toka!"

Kwa sauti ile ya gwaride, tuliruka sote, mimi, binti yake, na shangazi mmoja aliyeshika sinia. Tukatazamana na mwenzangu. Tangu siku hiyo neno letu barabarani ni hilo hilo. Hatuiti gari, hatuiti lori. Tunaita "Toka," na kila Mlugbara, Mkakwa na Mnubi anajua la kufanya.

Msidhani nilipanda baiskeli kesho yake. Nilirudi nyumbani, nikamweleza mume wangu neno kwa neno. Akasema gari, akasema tena gari, akatikisa kichwa, akaenda jikoni kuishusha baiskeli. Akaifuta masizi mwenyewe, na petroli, kwa fulana yake ya mpira anayoipenda. Alinirudishia na wembe.

Nilianza kwenye vumbi la Pajulu, kwenye njia za kina mama wanaokwenda sokoni, polepole hata waliobeba matenga kichwani walinipita. Halafu lami, mpaka kona ya kwanza na kurudi. Woga ulikuwepo, lakini sasa ulikuwa woga wa kila mtu. Ulikuwa nje yangu, una magurudumu na honi. Woga wa hivyo naweza kuupigia mahesabu. Ule wa kwanza ulikuwa unalala na mimi kitandani.

Siku ya kurudi Koboko na mwenzangu, nilikwenda chooni mara nyingi kuliko nilivyokunywa chai. Tulipofika kwenye ule mteremko nilishuka, nikatembea nikiisukuma baiskeli mpaka chini, na yeye akatembea nyuma yangu. Baada ya daraja la pale chini tukapanda tena, yeye bado nyuma yangu. Na hapo nikalisikia. Mnajua linavyoanza, kwanza kwenye lami chini yako, halafu mgongoni, halafu ndio masikioni. Nilitaka kugeuka na shingo ikakataa.

"Toka!"

Nilikuwa kwenye majani kabla sijajua nimeamua. Lori lilipita mbali kabisa na sisi, kwa adabu, dereva akapunga mkono kutusalimu. Angejua. Tulikaa kwenye nyasi, tukinuka jasho la woga.

"Nasikia?" akaniuliza.

"Nasikia."

Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Nawashukuru wakulima wale wa kando ya barabara, wauguzi walionigeuza kitandani, mama yangu na watu wake wa maombi kwa sababu walikuja, dada yangu ambaye sasa namshikia mtoto, na mume wangu aliyeniuliza swali gumu badala ya kuwauliza majirani. Nalishukuru kundi letu la mbio. Siku hizi mgeni akija kupanda na sisi, kabla ya kuondoka tunasimama barabarani tunaulizana maneno, hili kwako ni nini, na hili. Tunachelewa kuondoka na wapita njia wanatucheka. Tunawaacha wacheke.

Na kama mnataka kitu cha kwenda nacho nyumbani, chukueni hiki. Msiishie kumuuliza mtu, ulinisikia? Muulizeni alisikia nini. Humu ndani kuna watu wamekosana na ndugu zao, na wengine wamekosana na miili yao wenyewe, kwa ajili ya neno ambalo hawajawahi kulitaja kwa sauti. Litajeni. Hata kama mnaona ni wazi. Kwetu lilikuwa wazi kabisa, na ndiyo maana halikutajwa.

Mwenzangu yumo humu. Sitamwonyesha. Bado anaota anafungua mdomo na sauti haitoki, na tangu siku ile ya kwenye nyasi, kila tukipanda ananiomba yeye akae mbele, mimi nyuma, ili asiwe tena mtu wa kuita. Nimekuwa namkubalia. Mkutano huu ukiisha tunarudi Koboko kwa baiskeli, sisi wawili. Naogopa tangu asubuhi. Lakini dada, mbele ya watu hawa wote nakwambia, leo mimi nakaa mbele. Wewe kaa nyuma yangu. Ukiita, nitatoka.